CHUMVI, MKATE NA MAKAA YA MAWE: HABARI ZA NCHI YA UFARANSA

1. Umbo la Nchi na Baraka Zake

Katika upande wa magharibi wa Ulaya iko nchi kubwa iitwayo Ufaransa. Eneo lake katika Ulaya lapata kilomita za mraba 550,000, na watu wake, pamoja na wale wakaao katika visiwa na nchi zake za ng'ambo, wapata milioni 68. Mtu akiitazama katika ramani ataona ya kuwa ina pande sita. Upande mmoja waelekea mlango wa bahari uitengao na Uingereza. Wa pili waelekea bahari kuu ya Atlantiki. Wa tatu ni milima ya Pyrenees, iliyo mpaka wake na Hispania. Wa nne ni bahari ya Mediterania. Wa tano ni milima ya Alps na Jura, pamoja na mto Rhine. Upande wa sita, ulio kaskazini mashariki, hauna mlima mkubwa wala bahari, ni nchi tambarare tu. Kwa mlango huo ulio wazi majeshi ya adui yamepita mara nyingi.

Udongo wa nchi hii ni mwema. Mito mikubwa minne, Seine, Loire, Garonne na Rhône, yainywesha toka milimani hata baharini. Katika uwanda wa Beauce, kusini magharibi ya mji mkuu wa Paris, mtu aweza kusafiri muda mrefu asione kitu ila mashamba ya ngano, na leo Ufaransa yavuna ngano kupita nchi nyingine zote za Umoja wa Ulaya. Katika Bordeaux, Bourgogne na Champagne hulimwa mizabibu, na divai yake hunywewa duniani kote. Karibu thuluthi ya nchi ni misitu. Na pwani ya Atlantiki, mahali paitwapo Guérande, maji ya bahari huingizwa katika vidimbwi vya udongo wa mfinyanzi. Jua na upepo huyakausha, na watu huikusanya chumvi kwa reki ndefu za mti, kama walivyofanya babu zao.

Basi, mtu angedhani kwamba wenyeji wa nchi yenye baraka kama hii hawakujua njaa wala dhiki. Lakini kuwa na mali katika nchi ni neno moja, na jinsi mali hiyo igawanywavyo ni neno jingine. Wafaransa walijifunza jambo hilo kwa taabu nyingi.

2. Chumvi ya Mfalme

Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu Ufaransa ilitawaliwa na wafalme. Mashuhuri kupita wote ni Louis wa 14, aliyekuwa mfalme toka mwaka 1643 hata mwaka 1715. Huyo alijenga jumba kubwa la Versailles, karibu na Paris, akawakusanya huko mabwana wakubwa wa nchi ili wakae chini ya macho yake. Neno lake lilikuwa sheria. Alipigana vita vingi, na vita havipiganwi bila fedha. Hivyo mfalme na wale waliomfuata walitafuta fedha kwa kila njia.

Njia moja ilikuwa chumvi. Chumvi ni kitu kidogo, lakini hapana nyumba iwezayo kukaa bila kuwa nayo. Siku zile ilihitajiwa zaidi, kwa kuwa watu hawakuwa na njia nyingi nyingine za kuhifadhi nyama na samaki visioze. Kwa hiyo wafalme waliweka kodi juu ya chumvi, na kodi hiyo iliitwa gabelle. Katika sehemu kubwa ya kaskazini na kati ya nchi, chumvi iliuzwa katika ghala za mfalme tu, kwa bei aliyoipanga yeye. Tena mtu hakuruhusiwa kusema, "Mwaka huu sitanunua." Kila nyumba ililazimishwa kununua kadiri iliyowekwa, ikihitaji au isihitaji.

Jambo lililowaudhi watu zaidi ni kwamba kodi haikuwa sawa. Katika jimbo la Bretagne, kwa sababu ya mapatano ya zamani, watu hawakutozwa kodi hiyo, na chumvi yao ilikuwa rahisi. Lakini mtu akivuka mpaka kuingia jimbo la jirani, aliikuta chumvi ileile ikiuzwa kwa bei kubwa mara ishirini. Basi, wengi walijaribu kupitisha chumvi kwa siri usiku, wanaume kwa wanawake, hata na watoto. Askari wa kodi waliwavizia njiani. Aliyekamatwa alitozwa faini. Na mwanamume aliyekuwa na silaha, au aliyerudia kosa, aliweza kupelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme akiwa amefungwa minyororo.

Wenye kuikusanya kodi hawakuwa watumishi wa mfalme hasa, bali matajiri walionunua haki hiyo. Wao walimpa mfalme fedha kwa jumla, kisha wakawatoza watu, na faida ikawa yao. Na makabaila pamoja na wakuu wa dini walisamehewa kodi nyingine nyingi, hasa ile kodi kubwa iliyowaelemea wakulima. Hivyo mzigo uliwaangukia wale waliokuwa na nguvu kidogo ya kuubeba.

3. Mwaka wa Mkate Ghali

Katika mwaka 1774 Louis wa 16 alishika ufalme. Hakuwa mtu mkali, lakini alikuta nchi ina deni kubwa, naye akaliongeza kwa kuwasaidia Wamarekani katika vita vyao vya kujitenga na Uingereza. Karibu nusu ya matumizi ya serikali ilikuwa riba ya deni tu.

Kisha yakaja mambo ambayo mfalme hakuweza kuyazuia. Tarehe 13 Julai 1788 mvua kubwa ya mawe ilianguka katika sehemu nyingi za kaskazini, ikaivunja ngano iliyokuwa karibu kuvunwa. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali mno. Mito iliganda, vinu vya maji havikuweza kusaga. Bei ya mkate ikapanda. Mfanyakazi wa Paris, ambaye hata katika mwaka mwema alitumia nusu ya ujira wake kununua mkate, sasa aliona ujira karibu wote ukimezwa na mkate peke yake.

Mfalme, kwa kukosa fedha, aliita baraza la nchi nzima, ambalo halikuwa limekutana tangu mwaka 1614. Baraza hilo lilikuwa na madaraja matatu: la kwanza wakuu wa dini, la pili makabaila, na la tatu watu wengine wote. Kabla ya kukutana, watu wa kila mahali waliambiwa waandike malalamiko yao katika vitabu. Makumi ya maelfu ya vitabu hivyo yaliandikwa, na mpaka leo vingi vimehifadhiwa. Wakulima wasiojua kusoma walimwambia mwenye kujua, naye akaandika. Waliandika habari za chumvi, habari za kodi, na habari za wanyama wa makabaila walioharibu mashamba, ambao mkulima hakuruhusiwa kuwaua. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuulizwa neno lolote na serikali.

Baraza lilifunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789. Mara yakatokea mashindano. Desturi ya zamani ilisema kwamba kila daraja lina kura moja. Hivyo madaraja mawili yenye watu wachache yaliweza kulishinda daraja la tatu lililosimama badala ya karibu nchi nzima. Wajumbe wa daraja la tatu walikataa. Walipoukuta ukumbi wao umefungwa, waliingia katika jumba la kuchezea mpira, na huko, tarehe 20 Juni, waliapa kwamba hawataachana mpaka nchi iwe na katiba, yaani sheria kuu ambayo hata mfalme yuko chini yake.

Tarehe 14 Julai watu wa Paris, waliposikia kwamba askari wa mfalme wanakusanyika kuuzunguka mji, walikwenda kutafuta baruti katika ngome ya Bastille, iliyokuwa pia gereza. Baada ya mapigano ya saa kadhaa ngome ilianguka. Ndani walikutwa wafungwa saba tu. Lakini ngome ile ilikuwa alama ya utawala usiohojiwa, na kuanguka kwake kulitikisa nchi. Siku hiyo hata sasa ni sikukuu ya taifa la Ufaransa. Tarehe 26 Agosti baraza likatangaza Haki za Binadamu na za Raia: ya kwamba watu huzaliwa huru nao hukaa huru, wakiwa sawa katika haki. Na mwezi wa Oktoba maelfu ya wanawake wa Paris walikwenda kwa miguu katika mvua mpaka Versailles kudai mkate, wakamrudisha mfalme na mkewe mjini. Mwaka uliofuata kodi ya chumvi ikafutwa.

Lakini njia ya uhuru haikunyoka. Tarehe 21 Septemba 1792 ufalme ulifutwa, na nchi ikawa jamhuri. Mfalme akakatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793. Wakati huo nchi ilishambuliwa na majeshi ya nje, na ndani mlikuwa na maasi. Wale walioshika madaraka wakaanza kumwogopa kila mtu, na kumwua kila waliyemshuku. Watu wapatao 17,000 walihukumiwa kufa, wengi wao wakiwa wakulima na mafundi, si makabaila. Hata Robespierre, aliyekuwa na sauti kubwa katika hukumu hizo, naye alikatwa kichwa katika Julai 1794. Kisha akaja jemadari Napoleon Bonaparte, akashika serikali katika mwaka 1799, akajifanya Mfalme Mkuu katika mwaka 1804. Na katika mwaka 1806, kwa kuwa naye alihitaji fedha za vita, akairudisha kodi ya chumvi, ingawa safari hii kwa kipimo kilicho sawa kwa wote. Haikuondolewa kabisa ila baada ya vita vya pili vya dunia. Hivyo yaonekana kwamba ni rahisi zaidi kumwondoa mfalme kuliko kuiondoa kodi.

4. Watu Waliouzwa

Liko jambo jingine la wakati ule linalowahusu watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika bahari ya Hindi Wafaransa walikuwa na visiwa viwili: kisiwa cha Ufaransa, ambacho leo huitwa Morisi, na kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Huko walilima kahawa na miwa. Kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa, na wengi wao walitoka Msumbiji, Madagaska na mwambao wa Kilwa. Katika mwaka 1776 mfanyabiashara mmoja Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa, ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka.

Basi, baraza la Paris lilipotangaza kwamba watu huzaliwa huru, je, maneno hayo yaliwahusu na watu hao? Palikuwa na waliosema ndiyo, na palikuwa na waliosema kwamba mali ya mashamba itapotea. Watumwa wa koloni la Saint-Domingue, ambalo sasa ni nchi ya Haiti, hawakungoja jibu. Waliasi katika mwaka 1791. Tarehe 4 Februari 1794 baraza la Paris likafuta utumwa katika nchi zote za Ufaransa. Lakini mawakili wa serikali walipofika katika visiwa vya bahari ya Hindi katika mwaka 1796, wenye mashamba waliwafukuza, na watumwa wakabaki watumwa. Katika mwaka 1802 Napoleon akauhalalisha utumwa tena.

Iliwapasa watu kungoja hata mwaka 1848, ufalme ulipoanguka tena na jamhuri ya pili kusimama. Tarehe 27 Aprili ya mwaka huo, kwa juhudi za mtu mmoja jina lake Victor Schoelcher na wenziwe, utumwa ulifutwa kabisa. Katika Réunion habari hiyo ilitangazwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru siku moja. Wajukuu wao huisherehekea siku hiyo kila mwaka. Leo Réunion ni wilaya ya Ufaransa kamili, na wenyeji wake huchagua wabunge kama watu wa Paris. Hali ni hiyo pia katika kisiwa cha Mayotte, kilicho kati ya Komoro na Madagaska, ambacho kimekuwa wilaya ya Ufaransa tangu mwaka 2011. Lugha ya wengi huko, Kimaore, ni ndugu ya Kiswahili. Walakini serikali ya Komoro yasema ya kuwa kisiwa hicho ni chake, na neno hilo halijamalizika.

Sheria nzuri iliyoandikwa katika karatasi haitoshi. Sharti wawepo watu wa kuitimiza, na vyombo vya kuwazuia wale wenye nguvu wasiivunje.

5. Vyombo vya Serikali

Tangu mwaka 1792 Ufaransa imekuwa na jamhuri tano, na katikati yake wafalme wamerudi zaidi ya mara moja. Jamhuri ya tatu ilikaa miaka 70. Hiyo ndiyo iliyoamuru, katika mwaka 1881 na 1882, ya kwamba shule za msingi za serikali ziwe bila malipo, na ya kwamba kila mtoto, mvulana kwa msichana, sharti afundishwe. Jamhuri hiyo ilianguka katika mwaka 1940, jeshi la Wajerumani lilipoivamia nchi. Wanawake wa Ufaransa, ambao mama zao wa kale walitembea mpaka Versailles kudai mkate, hawakupewa haki ya kupiga kura ila katika mwaka 1944.

Jamhuri ya tano ilianza katika mwaka 1958, chini ya Jenerali Charles de Gaulle. Mkuu wake ni Rais, ambaye tangu mwaka 1965 huchaguliwa na watu wenyewe. Zamani alikaa miaka saba. Baada ya kura iliyopigwa na watu katika mwaka 2000, hukaa miaka mitano. Rais humweka Waziri Mkuu, naye huongoza kazi za serikali za kila siku.

Sheria hutungwa na mabaraza mawili. La kwanza ni Baraza la Taifa, lenye wabunge 577 waliochaguliwa na watu. La pili ni Seneti, lenye wajumbe 348. Hawa hawachaguliwi na watu moja kwa moja, bali hasa na madiwani wa miji na vijiji, nao hukaa miaka sita. Muswada husomwa katika mabaraza yote mawili. Yasipopatana, wajumbe saba wa kila upande hukaa pamoja kutafuta neno moja. Nao wakishindwa, serikali yaweza kuliomba Baraza la Taifa litoe neno la mwisho. Baraza hilo laweza pia kuiangusha serikali. Lilifanya hivyo katika mwaka 1962, na tena tarehe 4 Desemba 2024.

Je, mabaraza yakitunga sheria iliyo kinyume cha katiba? Hapo liko Baraza la Katiba, lenye wajumbe tisa waliowekwa kwa miaka tisa. Wabunge 60, au maseneta 60, waweza kulipelekea sheria mpya kabla Rais hajaitia sahihi. Likiona ina kosa, haiwezi kutumika. Na katika maneno ambayo baraza hilo hupimia sheria yamo yale yaliyotangazwa katika Agosti 1789. Tena iko Mahakama ya Hesabu, iliyoanzishwa katika mwaka 1807, ambayo hukagua jinsi fedha za kodi zilivyotumika na kutangaza mambo iliyoyaona. Hivyo mlipa kodi wa leo aweza kujua jambo ambalo mnunuzi wa chumvi wa zamani hakuweza kulijua, yaani fedha yake ilikwenda wapi.

Chini ya hayo nchi imegawanywa katika wilaya 101, na kila wilaya ina mkuu aliyewekwa na serikali. Wilaya hizo zilianza kukatwa katika mwaka 1790. Na miji na vijiji, vipatavyo 35,000, kila kimoja kina diwani zake na meya wake. Viko vijiji vyenye watu wasiofika mia, navyo vina meya.

6. Makaa ya Mawe na Chuma

Si mali yote ya nchi ionekanayo juu ya ardhi. Katika kaskazini ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji, makaa ya mawe yalianza kuchimbwa katika karne ya 18. Na katika jimbo la Lorraine, upande wa mashariki, mlikuwa na chuma kingi. Makaa na chuma vikikutana hupatikana feleji, na kwa feleji hufanyizwa reli, injini, madaraja na mizinga.

Mali hiyo ni ya nani? Sheria ya mwaka 1810 ilijibu hivi: mwenye shamba ni mwenye udongo wa juu, lakini madini ya chini hayachimbwi na mtu yeyote, hata mwenye shamba, bila idhini ya serikali. Basi, serikali iliwapa makampuni idhini, nayo yakapata faida kubwa. Wachimbaji walipata ujira mdogo, na hatari.

Tarehe 10 Machi 1906, asubuhi, vumbi la makaa lilishika moto katika migodi ya Courrières. Moto ulipita kama radi katika njia za chini ya ardhi. Watu 1,099 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo wavulana wengi. Siku zile Ufaransa na Ujerumani hazikupendana hata kidogo. Lakini wachimbaji wa Kijerumani walikuja na vyombo vyao vya kuokolea, wakaingia katika moshi kuwatafuta wenzao. Baada ya siku 20, wakati matumaini yalipokuwa yamekwisha, watu 13 walitokea hai. Walikuwa wametangatanga gizani, wakila chakula walichokiokota na nyama ya farasi wa mgodini. Nchi nzima ililia na kukasirika. Wachimbaji wakagoma, na mwaka huohuo ikatungwa sheria kwamba kila mfanyakazi apewe siku moja ya kupumzika katika juma.

Chuma cha Lorraine kilileta msiba mkubwa zaidi. Ujerumani iliposhinda vita vya mwaka 1870 na 1871, ilitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine. Ufaransa ikavirudisha katika mwaka 1918, baada ya vita vya kwanza vya dunia. Ujerumani ikavitwaa tena katika mwaka 1940, na mwisho wa vita vya pili vikarudi kwa Ufaransa. Mzee aliyezaliwa huko kabla ya mwaka 1871 na kuishi hata mwaka 1940 alibadilishiwa taifa mara tatu bila kuhama nyumba yake.

Ndipo lilipotokea wazo jipya. Tarehe 9 Mei 1950 waziri wa Ufaransa, Robert Schuman, ambaye mwenyewe aliwakilisha watu wa Lorraine, alitoa shauri kwamba makaa na feleji ya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, ambayo hakuna nchi iwezayo kuitumia peke yake. Maana nchi isiyo na amri juu ya makaa na feleji yake haiwezi kutengeneza mizinga kwa siri. Katika mwaka 1951 nchi sita zilitia sahihi mkataba huo mjini Paris: Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Mkataba huo ndio mzizi wa Umoja wa Ulaya wa leo. Tangu hapo Ufaransa na Ujerumani hazijapigana.

7. Mali Iliyokwisha na Mali Isiyokwisha

Mgodi hauwi kama shamba. Kilichotolewa hakioti tena. Mgodi wa mwisho wa chuma katika Lorraine ulifungwa katika mwaka 1997, na wa mwisho wa makaa katika mwaka 2004. Hata madini ya urani, ambayo kwayo hupatikana umeme wa nyuklia, hayachimbwi tena nchini humo tangu mwaka 2001, bali hununuliwa nchi za nje. Na umeme huo ni jambo kubwa kwa Wafaransa. Mafuta yalipopanda bei katika mwaka 1973, serikali iliamua kujenga mitambo mingi ya nyuklia, na leo karibu thuluthi mbili za umeme wa nchi, au zaidi, hutoka huko. Sehemu nyingine hutoka katika maji ya mito iteremkayo milimani. Na katika mdomo wa mto Rance, kaskazini ya Bretagne, tangu mwaka 1966 maji ya bahari yenyewe, yakijaa na kupwa, huzungusha mitambo ya umeme.

Makaa yamekwisha kuchimbwa, chuma kimeachwa chini, wafalme wamekwisha kupita. Lakini ngano yaota kila mwaka katika Beauce, na chumvi ya Guérande yakusanywa kila majira ya joto. Siku hizi mtu huinunua dukani kadiri apendayo, wala hapana askari amngojaye njiani. Watu waliokufa zamani waliandika malalamiko yao katika vitabu, wakidai jambo dogo kama hilo.

Maswali

1. Kwa nini watu walichukia kodi ya chumvi kuliko kodi nyingine?
2. Vitabu vya malalamiko vya mwaka 1789 viliandikwa na nani, na kwa sababu gani?
3. Utumwa ulifutwa mara ya kwanza katika mwaka gani? Kwa nini watumwa wa Bourbon hawakupata uhuru mwaka huo?
4. Eleza kazi ya Baraza la Katiba na ya Mahakama ya Hesabu.
5. Makaa na chuma vilileta vita. Vililetaje amani baadaye?